Hatutaki tena kompyuta ya kuchorwa ku ubao

Vijana wenzetu wa Ibanda, Kadutu na Bagira, wazazi, walimu wetu: leo hatuandiki juu ya barabara, wala maji, wala kodi. Tunaandika juu ya ubao na kre.

Mu muji wetu kijana anaweza kumaliza sekondari, apate diploma ya serikali, wenzake wamumwangie poda nyeupe barabarani, mama apige vigelegele. Kisha mara ya kwanza anaweka vidole ku kibodi ni siku anatafuta kazi. Anaenda fasi ya fotokopi kuandikisha barua. Mwenye mashini anamuuliza: «Unaandika weye mwenyewe ao nikuandikie?» Anajibu: «Uniandikie tu.» Na analipa.

Lakini ku buletini yake kuko alama za kompyuta. Tena alama nzuri. Alijua kueleza memori ni nini, skrini inafanya kazi gani, programu ni nini. Alishika yote kwa kichwa, akachora ku kaye yake namna mwalimu alichora ku ubao. Mashini yenyewe haikuingia hata siku moja mu darasa.

Hii haiko kisa cha masomo moja. Ni namna yetu ya kufundisha. Programu mupya ya sayansi ya mwaka wa 7 na wa 8 inaweka TIC, ni kusema teknolojia ya habari na mawasiliano, pamoja na fizikia na teknolojia. Inchi iliandika ku karatasi kama kila mutoto wa Congo atajifunza ile. Karatasi ni nzuri. Ila karatasi haina kibodi.

Mwalimu hatumulaumu. Mwalimu anafanya na chenye iko nacho. Mu Februari 2018 mwalimu mumoja wa Ghana, Richard Appiah Akoto, alichora ku ubao dirisha yote ya programu ya Word, kwa kre za rangi, mustari kwa mustari, kusudi wanafunzi wake waelewe, juu masomo yao haikukuwa na kompyuta. Picha ilizunguka dunia. Microsoft ikamwalika Singapore, na masomo yake ikaletewa mashini. Vizuri. Lakini hapa kwetu walimu wanachora vile kila mwaka na hakuna mwenye anawapiga picha. Hatuwezi kungojea kila masomo ya Kadutu ipate bahati ya kuonekana ku simu za wazungu.

Multimedia haiko kintu cha kuogopesha

Neno «multimedia» linafanya watu wafikiri juu ya vyumba vyenye hewa baridi na vijana wenye kuvaa miwani. Maana yake ni rahisi: kufundisha kwa kuunganisha maneno, sauti, picha na video. Redio ni moja ya vyombo. Simu ya mwalimu, spika ndogo, projekta, kadi memori ya simu: vyote ni vyombo.

Sababu gani inasaidia? Mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Mayer, alitumia miaka mingi akipima namna watu wanajifunza. Alikuta kama mutu anaelewa muzuri zaidi akipewa maneno pamoja na picha kuliko maneno peke yake. Lakini alikuta pia kama ukijaza skrini na marembo, muziki na mambo yenye hayahusu somo, mwanafunzi anapotea. Na somo ndefu likatwe vipande vifupi. Ni kusema: dakika tano ya video, unasimamisha, unauliza maulizo, watoto wanajibu, unaendelea. Ukiwasha filme ya saa moja na kutoka inje kuzungumuza, haufundishi. Unachunga watoto tu.

Chukua mufano wa kwetu. Mu darasa ya jiografia watoto wanachora volkano ku kaye: mulima, shimo, mistari nyekundu yenye kushuka. Kumbe Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, ngambo ingine ya ziwa letu, na video zake zilijaa mu simu za watu. Watu wa Goma walikimbia, wengine wakafika mpaka hapa Bukavu. Dakika tatu za video ile, pamoja na mwalimu mwenye anaeleza sababu gani lava ya Nyiragongo inatelemuka mbio kama maji, na hakuna mutoto mwenye atasahau. Vilevile mu biolojia: moyo wenye kupiga unaeleweka kwa kuuona unapiga. Vilevile mu Kifaransa: mutoto atatamuka vizuri namna gani lugha yenye hajasikia mutu akiisema polepole, kwa sauti safi, mara mbili, mara tatu?

Nani anaumia?

Masomo ya watu wenye feza iko na projekta tayari. Iko na jenereta. Mutoto wa pale anarudia hesabu ku tablete ya baba. Mutoto wa masomo ya serikali iko ku benchi moja na wenzake wane ao watano, na tangu masomo ya msingi yalifanywa bure mu Septemba 2019, darasa zilijaa zaidi. Hatusikitiki juu ya masomo ya bure: ni haki, kifungu cha 43 cha Katiba kinaisema, na watoto wengi waliingia darasani sababu ya ile. Lakini mwalimu mwenye watoto wengi vile, na sauti yake moja, na ubao moja wenye kufutika, anahitaji musaada kuliko wote.

Mwisho wa yote, wale watoto wawili wanapewa mutihani wa serikali. Tangu 1967 ni mutihani wa inchi nzima. Karatasi haiulizi kama ulisoma na projekta ao na kre. Inakuhukumu tu. Ndiyo sababu tunasema hii ni mambo ya haki.

Tusifanye makosa yenye wengine walikwisha kulipa

Kuko watu watasema: basi walete tablete, kila mutoto moja, na mambo iishe. Tunakataa. Wengine walijaribu mbele yetu.

Kenya: mu kampeni ya 2013 viongozi waliahidi kompyuta kwa kila mutoto mwenye kuanza masomo ya msingi. Vyombo vilianza kufika 2016, zaidi ya milioni moja, mu masomo zaidi ya 20,000. Kazi kubwa. Lakini mupango haukufikia watoto wote, na kisha serikali ikageuka kusema juu ya vyumba vya kompyuta vya pamoja. Peru: iligawa mashini ndogo nyingi sana za mupango wa «kompyuta moja kwa kila mutoto», ule wenye Rwanda jirani yetu iliingia pia tangu 2008. Uchunguzi wa 2012 ulilinganisha masomo ya Peru yenye ilipata mashini na yenye haikupata: mu hesabu na mu lugha, watoto hawakupitana. Mashini ilifika, mwalimu hakutayarishwa, na mafunzo yakabaki yaleyale.

Na mbele ya wote, Ivory Coast. Mu 1971 ilianza kufundisha masomo ya msingi kwa televizyo, vipindi vikitengenezewa Bouaké. Mu vijiji bila umeme, televizyo zilitumia betri. Gharama ikapanda, walimu na wazazi wakanung'unika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mupango ukasimama.

Somo ni moja. Ukianza na mashini, utaishia na mashini yenye kufungiwa mu kabati. Anza na mwalimu, moto, na mafunzo yenyewe. Mashini inafwata.

2020 ilituonyesha wazi

Mu Machi 2020, wakati wa Korona, Prezida alifunga masomo yote ya inchi. Watoto walirudi wote mu Oktoba tu. Miezi saba. Serikali ikasema: mafunzo yataendelea kwa redio, televizyo na intaneti. Radio Okapi ilianzisha kipindi cha watoto, Okapi École, na tunashukuru wenye walikifanya.

Lakini nani alifwata ku intaneti? Mutoto mwenye baba iko na simu kubwa, na mega za kutosha, na moto ya kuchaji. Wengine walibaki kucheza ku barabara ao kuuza mikate na karanga. Redio ndiyo ilifikia watu wengi, juu redio haiombi mega. Ni chombo cha zamani na bado kinabeba kazi. Hapa Bukavu, Radio Maendeleo inasema na watu tangu 1993, na Kiswahili chetu kinasikika pale kila siku. Sababu gani kipindi cha hesabu na cha kusoma, saa yenye kujulikana, walimu wakiwasha redio mu darasa na kusimamisha watoto wajibu, kingoje ugonjwa mwingine ndio kirudi?

Na tangu Februari 2025, wakati AFC/M23 iliingia mu muji na benki zikafunga milango, tunaona tena namna masomo inaweza kutikisika kwa siku moja. Muji wenye mafunzo yake iko tayari ku kadi memori na ku redio, watoto wake hawapotezi miezi saba mara ya pili.

Moto, lugha, mega

Tuseme juu ya moto. Bukavu iko penye Ruzizi inatoka mu ziwa. Ruzizi I ilijengwa wakati wa Wabelgiji. Ruzizi II inatumika tangu 1989, na moto yake inagawanywa na inchi tatu: Congo, Rwanda na Burundi. Tunakaa ku mulango wa maji yenye kuzaa umeme, na mwanafunzi wetu anarudia somo na tochi ya simu. Delestaji tunaijua wote, hakuna wa kutueleza. Lakini masomo inafanya kazi asubui, na saa zake zinajulikana. Kupanga moto kusudi masomo iipate saa zile, hata siku tatu kwa juma, ni amri ya mutu mwenye kukaa ku meza. Na fasi yenye waya haifiki, pano moja ya jua na betri moja zinatosha kuchaji spika, simu na projekta ndogo. Hatuombi barabara ya lami mpaka ku mwezi.

Lugha. Watoto wa Bukavu wanaota ndoto mu Kiswahili. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inapatia lugha za taifa nafasi mu mafunzo, na Kiswahili ni moja ya zile ine. Tanzania iko na Ubongo Kids tangu 2014: katuni zenye kufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo, kwa Kiswahili. Mutoto wetu anazielewa, hata kama wale wanasema Kiswahili cha Dar es Salaam na siye tunasema cha kwetu. Tuanze na zile, na pole kwa pole tutengeneze zetu: zenye kusema juu ya ziwa Kivu na gazi yake, juu ya Kahuzi-Biega na sokwe wake, juu ya mumomonyoko wa udongo wenye kubeba nyumba zetu kila mvua kubwa. Kifaransa kitaingia, na lazima kiingie vizuri. Lakini mutoto akielewa kwanza kitu, jina lake la Kifaransa linamushika mbio.

Mega. Hapa watu wanafikiri bila intaneti hakuna kintu. Haiko kweli. Kuko programu ya bure yenye jina Kiwix: inabeba Wikipedia ndani ya simu ao kompyuta, inasomeka bila mega hata moja. Kuko Kolibri, nayo ya bure: unaweka mafunzo na mazoezi ku mashini moja, na simu zingine mu darasa zinayasoma kupitia ile mashini, bila intaneti. Mutu mumoja anachukua mafunzo mara moja fasi yenye intaneti nzuri; kadi memori inafanya kazi ingine yote. Vijana wetu wenye kuweka nyimbo na filme ku kadi za watu pale Kadutu wanajua kazi hii kuliko mukubwa yeyote wa ofisi. Mbona hatujawaita?

«Kwanza benchi, kwanza mushahara»

Tunasikia sauti hii, na hatuicheki. Mwalimu mwenye hajalipwa, hata umupatie projekta ya dhahabu, atafundisha na tumbo tupu. Mushahara wa mwalimu ni wa kwanza, na tutausema kila siku. Paa yenye kuvuja ni ya kwanza. Lakini tusikubali mutu atumie shida moja kufunika ingine. Tukisema «tungojee benchi», miaka kumi inapita, benchi hazifiki na video hazifiki. Vyenye tunaomba hapa ni vya bei ndogo, na vinapunguzia mwalimu kazi: somo lenye kurekodiwa mara moja linatumika miaka mingi.

Wengine watasema simu inaharibu watoto. Simu ya mutoto mwenyewe chini ya benchi, ndiyo, inaharibu. Simu moja, mu mukono wa mwalimu, na spika, kwa somo lenye kutayarishwa, ni kintu kingine kabisa.

Na kuko hatari yenye tunaogopa siye wenyewe: kesho mukubwa mumoja wa masomo atasema «kila muzazi alete feza ya multimedia». Tunakataa mbele hajasema. Masomo ya msingi ya serikali ni bure. Tulikwisha kuona RAM: mu 2020 walianza kukata feza mu simu zetu kwa jina la maendeleo, na wanainchi wakakataa mpaka ikaondolewa mwanzoni mwa 2022. Tunajua kukataa kunazaa matunda.

Vyenye tunaomba

Tunasema na Kinshasa, na tunasema na kila mwenye anashika amri mu muji leo. Watoto ni walewale.

1. Masomo iingie ku orodha ya kwanza ya kupata moto saa za asubui. Yenye haina waya ipate pano ya jua na betri.

2. Masomo tatu ao ine za jirani zishirikiane chumba kimoja cha kompyuta, chenye mulinzi na mwalimu, kila darasa na saa yake. Hakuna mwanafunzi apate alama za kompyuta bila kuigusa.

3. Kila mwalimu mupya afundishwe kutengeneza na kutumia somo la sauti na video. ISP Bukavu inafundisha walimu wetu; kazi hii ianzie pale. Na wenye walikwisha kuingia kazini waitwe wakati wa likizo, walipiwe usafiri.

4. Mafunzo ya redio yarudi, kwa Kiswahili na Kifaransa, kwa saa yenye kujulikana mwaka muzima.

5. Kila chombo chenye kinaletwa kama musaada kiandikwe ku karatasi na karatasi ibandikwe ku mulango wa masomo: ni nini, ngapi, nani alipokea. Kusudi tusikute kesho projekta ya watoto mu bare ikionyesha mupira.

6. Hakuna feza mupya ku mugongo wa muzazi.

Na siye?

Ndugu, tusibaki kuomba tu. Mu muji huu kuko wanafunzi wengi wa iniversite wenye kompyuta yao. Saa mbili za Siku ya Posho, mara moja kwa mwezi, ku masomo yenye ulisomea weye mwenyewe: fundisha watoto kumi kuwasha mashini, kuandika jina, kuchunga kazi yao. Mwenye anajua kukata video, arekodi mwalimu muzuri wa fizikia akifundisha dakika kumi. Mwenye mashini ya zamani yenye kulala chini ya kitanda, aitoe. Hii haiondolei serikali deni yake hata kidogo. Inaondoa sababu ya kusema «haiwezekani».

Na weye muzazi, siku utaenda kuchukua buletini, usiulize paka nafasi ya mutoto mu darasa. Uliza mukubwa wa masomo maulizo matatu: Mutoto wangu aligusa kompyuta mara ngapi mwaka huu? Vyombo vyenye mulipewa viko wapi? Mwalimu wake alifundishwa lini kuvitumia?

Uliza kwa heshima. Uliza mbele ya wazazi wengine. Na kama haupati jibu, rudi mwaka wenye kufwata na wazazi makumi mbili, muulize tena.